Wingi wa Magari na Haki ya Mashindano

Mchezo wowote wa mashindano humwahidi mchezaji mambo mawili kwa pamoja, na mambo hayo hayapatani kwa urahisi. La kwanza ni uchaguzi: mchezaji aambiwa kuwa atachagua chombo akipendacho, na kwamba kila chombo kina tabia yake. La pili ni haki: aambiwa kuwa, chombo chochote atakachokichagua, mlango wa ushindi haujafungwa kabla hajaanza. Katika michezo ya video ya mbio za magari ahadi hizi mbili hugombana waziwazi. Magari yakiwa mengi na tofauti, moja litayazidi mengine. Yakisawazishwa yote, tofauti hufifia na wingi hubaki kuwa jina. Insha hii yakusudia kuuchunguza ugomvi huo. Jibu langu nalitaja mapema, ili msomaji alipime hatua kwa hatua: upatanisho ulio bora wa mambo haya ulipatikana katika barabara za Afrika ya Mashariki, na michezo ya video iliyozichora barabara hizo ilichukua sura zake ikaiacha kanuni yake.

Michezo ya kale ilikwisha kukutana na tatizo hili. Katika bao la Kiswahili kuna kete 64, na kila mchezaji ana 32. Hapana kete bora wala kete duni. Haki hapo ni kamili, lakini namna ni moja tu: ujuzi wote umo katika kichwa cha mchezaji. Katika sataranji vipande ni vya namna sita, na kila namna ina mwendo wake; walakini kila upande hupewa vile vile alivyopewa mwenziwe, kwa hiyo tofauti haimdhulumu mtu. Mchezo wa mbio za magari hauwezi kuikopa njia yoyote kati ya hizo mbili. Mchezaji haji na jeshi la vipande. Aja na gari moja alilolichagua mwenyewe, naye mwenziwe aja na gari jingine. Tofauti ya vyombo ndiyo inayomvuta kucheza, na tofauti hiyo hiyo ndiyo iwezayo kumdhulumu.

Njia ya kwanza iliyofuatwa na watengenezaji ni njia ya wingi. Mfano wake mkubwa ni mfululizo wa michezo uitwao Gran Turismo, ulioanzishwa na Kazunori Yamauchi wa Japani. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 1997 ukiwa na magari kiasi cha 140. Wa pili, mwaka 1999, ulikuwa na zaidi ya 600. Wa nne, mwaka 2004, ulikuwa na zaidi ya 700. Na wa tano, mwaka 2010, ulipita 1,000. Hesabu hizi zilitangazwa kwa fahari, na fahari hiyo ina haki yake. Magari ya nyumbani, kama yale tuyaonayo kila siku yakiegeshwa mbele ya maduka ya Eldoret, yaliwekwa ubavuni mwa magari ya mbio. Kijana asiyewahi kushika usukani aliweza kujifunza jinsi gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linavyokata kona, na jinsi lile linalosukumwa na magurudumu ya nyuma linavyotaka kugeuza mkia. Hayo ni elimu, wala hayadharauliki.

Lakini ghala si karamu. Mtu akiyahesabu kwa makini magari elfu ya mwaka 2010, ataona kuwa kiasi cha 200 ndiyo yaliyochongwa upya kwa ukamilifu, ndani na nje. Yaliyobaki, kiasi cha 800, yalitokana na kazi iliyofanywa kwa ajili ya mashine ya kizazi kilichotangulia. Ataona pia kuwa gari la namna moja, kama Nissan Skyline au Mazda MX-5, limerudiwa mara nyingi, tofauti ikiwa ni mwaka wa kutengenezwa au pambo dogo la mwilini. Na hata yale yaliyo tofauti kweli aghalabu hayachaguliwi. Katika vyumba vya michezo vya mjini petu, ambamo vijana hulipa shilingi chache wapate kucheza, jambo hili huonekana bila ya kutafutwa. Siku ya kwanza kila kijana huchagua gari kwa rangi, au kwa jina, au kwa sababu lafanana na gari la mjomba wake. Baada ya siku chache mmoja wao hugundua gari liyashindalo mengine, na tangu hapo wote hulitaka hilo hilo. Magari mia yamo katika orodha. Moja limo barabarani. Wingi usio na sababu ya kuchaguliwa ni kama kamusi nene nyumbani kwa mtu asiyesema neno ila "ndiyo".

Njia ya pili ni njia ya mizani, nayo ilitoka katika mbio za kweli. Mwaka 2006 lilianzishwa huko Ulaya daraja la magari liitwalo GT3. Waandalizi walitaka Porsche yenye injini nyuma, Ferrari yenye injini katikati, na Aston Martin yenye injini mbele zishindane katika uwanja mmoja bila ya mshindi kujulikana mapema. Basi wakayapima magari. Lililozidi walilipunguza nguvu kwa kuibana hewa iingiayo katika injini, au waliliongezea uzito, au walibadili kimo chake kutoka ardhini. Mchezo wa Gran Turismo Sport wa mwaka 2017 uliifuata kanuni hiyo. Orodha yake ulipotolewa ilikuwa na magari yasiyofika 200, na katika mashindano rasmi ya kupitia intaneti mchezo wenyewe ndio uliopanga nguvu na uzito wa kila gari, ili mchezaji asimshinde mwenziwe kwa ukubwa wa mfuko au kwa kukesha akikusanya vifaa.

Yatupasa kuisifu njia hii kabla ya kuilaumu. Mizani iliyo njema husawazisha jumla ya muda wa mzunguko, wala haiondoi tabia. Gari lenye breki nzuri hubaki na breki zake, na gari lenye nguvu katika mnyoosho hubaki na nguvu zake; la kwanza hupata faida konani, la pili huirudisha faida hiyo mbele kidogo. Mchezaji hapo huchagua gari linalolingana na moyo wake, wala hapotezi kitu. Mizani mbovu ndiyo inayoyafanya magari kuwa kanzu za rangi mbalimbali zilizovikwa mtu mmoja.

Hata hivyo mizani ina mwenye kuishika, na hapo ndipo shaka huingia. Mwaka 2023, katika mbio za saa 24 za Le mans nchini Ufaransa, waandalizi walibadili uzito wa magari ya daraja la juu siku chache kabla ya mashindano. Toyota, iliyokuwa imeshinda mara tano mfululizo kuanzia 2018 hadi 2022, iliongezewa kilo 37. Ferrari, iliyorudi katika daraja hilo baada ya miaka 50, iliongezewa kilo 24. Ferrari ilishinda, na Toyota ikawa ya pili. Simwambii msomaji kuwa Ferrari haikustahili. Magari yale yaliendeshwa usiku na mchana, katika mvua na ukavu, na kosa moja lingetosha kuliangusha lolote. Nasema tu kwamba baada ya mbio watu walijadili kilo pamoja na kujadili madereva. Ushindi uliopitia mizani ya mtu hubaki na swali nyuma yake, hata kama mwenye mizani ni mwaminifu.

Je, ipo njia ya tatu? Ipo, na wakazi wa Eldoret wanaijua kuliko watu wengi, ingawa wameijua kwa miguu. David Rudisha, mrefu na mwenye hatua ndefu, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Eliud Kipchoge, aliyejizoeza Kaptagat karibu na mji wetu, mtu mfupi kuliko Rudisha na mwepesi, alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Hakuna aliyemfunga Rudisha mawe miguuni ili alingane na Kipchoge, wala aliyemkata Kipchoge pumzi ili alingane na Rudisha. Umbali ndio uliogawa haki. Miili imekuwa ya namna nyingi katika riadha kwa sababu njia ni za namna nyingi, na kila njia huuliza swali lake. Tukilirudisha jambo hili katika magari, twaona kuwa si lazima kuyabadili magari. Yawezekana kuifanya barabara iwe ndefu na ngumu kiasi cha kuwa hapana gari lijualo majibu yote.

Barabara ya namna hiyo ilikuwapo kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake ya dukani, tena yalikuwa magari ya kununuliwa na mtu wa kawaida. Tazama jinsi ushindi ulivyotembea. Mwaka 1956 ilishinda DKW, gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Mwaka 1957 Volkswagen, yenye injini nyuma, ipozwayo kwa hewa. Kuanzia 1959 hadi 1961 Mercedes. Mwaka 1962 Volkswagen tena. Mwaka 1963 Peugeot. Mwaka 1964 Ford. Na mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano mengine. Kampuni sita katika miaka kumi, na magari yasiyofanana kwa umbo wala kwa nguvu! Hapana mtu aliyeyaongezea kilo. Tope la masika, mawe ya bonde, mito isiyo na madaraja na vumbi la nyanda kavu ndivyo vilivyokuwa mizani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Gari lenye kasi liliuliza, "Nitafika lini?" Barabara iliuliza kwanza, "Utafika?"

Ushahidi ulio mkubwa zaidi ni wa miaka ya 1984 hadi 1986. Wakati huo magari ya Kundi B yalitawala dunia, na yaliyo makali kati yake yalisukumwa na magurudumu yote manne. Audi ilitwaa ubingwa wa kampuni mwaka 1984. Peugeot ilitwaa mwaka 1985 na 1986. Lakini katika Safari ilishinda Toyota Celica, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, mara tatu mfululizo: Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen mwaka 1985, kisha Waldegård tena mwaka 1986. Gari hilo lilishinda mashindano sita ya ubingwa wa dunia, na yote sita yalikuwa katika Afrika, matatu hapa kwetu na matatu huko Ivory Coast. Huko Ulaya lilikuwa gari la kusindikiza wengine. Sababu yake haikuwa muujiza. Katika mashindano yaliyokaribia kilomita 5,000 uimara hulipa zaidi ya wepesi wa konani; gari lenye viungo vichache vya kuvunjika humpa fundi kazi chache; na katika njia ndefu zilizonyooka nguvu za injini huhesabiwa kuliko mshiko wa magurudumu manne. Tofauti za magari zilibaki zote, na haki ilikuwapo.

Sasa tuitazame michezo ya video iliyoichora Safari. Mchezo wa WRC 9 uliiingiza Kenya mwaka 2020, hata kabla mashindano yenyewe hayajarudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Kisha mwezi wa Novemba 2023 ulitoka mchezo wa EA Sports WRC ukiwa na magari 78 ya miaka mingi, na Kenya ikiwa mojawapo ya nchi zake. Kwa macho kazi hiyo ni njema. Nyanda za Naivasha na udongo wake mwekundu humpendeza mtu aonapo nchi yake imechorwa kwa heshima. Magari nayo yana sauti na tabia zake, na anayetoka katika gari dogo la miaka ya 1960 akaingia katika gari la leo hujifunza historia kwa mikono yake.

Lakini mchezo huo humtaka mchezaji achague daraja kwanza, kisha ashindane na magari ya daraja lake. Na magari ya Kundi B umeyagawa katika madaraja mawili: yale ya magurudumu ya nyuma upande mmoja, na yale ya magurudumu yote manne upande wa pili. Mtengenezaji aliogopa kuwa la pili litalishinda la kwanza daima, na katika njia za kilomita chache chache hofu yake ni ya kweli. Walakini kwa kuweka ukuta huo ameliondoa pambano lile lile lililoipa Safari jina. Kijana wa leo anaweza kuendesha gari la mwaka 1985 katika Kenya iliyochorwa vizuri, asipate kujua kwamba katika Kenya ya kweli mnyonge wa Ulaya aliwashinda wababe wa Ulaya. Barabara imegeuzwa kuwa pazia la nyuma ya jukwaa, mahali ilipokuwa hakimu.

Msomaji atanijibu kuwa hakuna mchezaji mwenye siku tano za kukaa mbele ya kiwambo, na kwamba mashindano ya leo yenyewe yamefupishwa. Ni kweli. Safari iliyorudi mwaka 2021 ilikuwa na kiasi cha kilomita 320 za kupimwa muda, na kuanzia mwaka huo hadi 2025 Toyota ilishinda kila mwaka. Mwaka 2022 na 2023 ilichukua hata nafasi zote nne za kwanza. Atasema pia kuwa Safari ya kale haikuwa haki tupu, maana kampuni tajiri zilileta helikopta na mafundi wengi, na mtu binafsi alikuja na vipuri nyuma ya kiti. Hilo nalo ni kweli. Sidai kuwa barabara huondoa tofauti ya mfuko. Nadai kuwa kila barabara inapofupishwa na kulainishwa, maswali yake hupungua; na maswali yakipungua, gari moja huweza kuyajibu yote. Historia ya Safari yenyewe, tangu magari sita ya kampuni sita hadi ushindi wa kampuni moja, yaunga mkono neno hilo.

Wala haihitaji siku tano. Mchezo wa video una uwezo ambao barabara ya kweli haina: waweza kuufupisha muda bila ya kuifupisha taabu. Uchakavu wa saa kumi waweza kuletwa katika dakika kumi. Gari liharibike kwa kadiri ya ugumu wake, na jeraha la asubuhi libaki hadi jioni. Mvua inyeshe upande mmoja wa nchi na vumbi lifuke upande mwingine. Fundi apewe dakika chache na vipuri vichache. Kisha madaraja mawili yaliyotengwa yafunguliwe yakutane. Hapo kijana atakayechagua gari zito na gumu atakuwa na sababu yake, na atakayechagua gari jepesi na kali atakuwa na hofu yake. Mizani ya kilo itumike katika mbio fupi za uwanja, ambamo hakuna tope la kuhukumu. Katika njia ndefu njia ihukumu.

Kwa hiyo, mwanafunzi atakapotaka kuupima mchezo wa namna hii, asiishie katika hesabu iliyoandikwa juu ya kasha. Aulize: magari mangapi kati ya haya yana sababu ya kuchaguliwa na mtu anayetaka kushinda? Aulize tena: usawa uliomo umepatikana kwa kuwaondolea wenye vipawa vyao, ama kwa kuwapa wote kazi za namna nyingi? Mchezo ulio na magari kumi, na kila moja lina siku yake ya kushinda, una utajiri kuliko mchezo wenye magari elfu na mfalme mmoja. Maswali hayo yana kazi hata nje ya kiwambo, maana shule, riadha na serikali navyo hukusanya watu wa namna nyingi na kuwaahidi haki. Haki haiwataki wafanane. Yataka njia iwe pana na ndefu kiasi cha kumfikia kila mmoja kwa swali analoweza kulijibu.